Namba kwenye Shingo ya Raketi

Chumba cha Mama Nyuzi kilikuwa chini ya ngazi za klabu ya tenisi, pale ambapo zamani ziliwekwa ndoo na mifagio. Mtu mrefu aliingia kwa kuinama, na akisahau kuinama wakati wa kutoka, ngazi zilimkumbusha. Ndani mlikuwa na mashine moja ya chuma, stuli mbili na dirisha dogo lenye waya. Ukutani raketi zilining'inia vichwa chini kama popo mchana.

Kazi yake ilikuwa kusuka nyuzi za raketi. Zikikatika au kulegea, wachezaji walimletea. Aliibana raketi kwenye mashine, akapitisha nyuzi za kushuka kwanza, kisha za kukatiza, juu, chini, juu, chini, mpaka ikawa kama chekeche. Akimaliza alibandika kikaratasi kwenye shingo ya raketi, akaandika namba kwa mwandiko wa darasa la saba, mkubwa na wa kusomeka.

Namba hiyo ndiyo kisa chenyewe, kwa hiyo afadhali ieleweke mapema. Mashine ina mkono unaovuta uzi, na kwenye mkono kuna kipimo. Kila mchezaji ana kilo zake. Uzi uliokazwa sana una utii, mpira unakwenda pale unapotumwa, lakini nguvu yote sharti itoke kwenye bega la mchezaji. Uzi uliolegezwa una huruma. Unaurusha mpira wenyewe, kama godoro linavyomrusha mtoto, na bega linapumua. Ila mpira wa namna hiyo ni mtundu. Usipouchunga, unakwenda kwa jirani.

Ufundi huo aliupata kwa marehemu mumewe. Mama Nyuzi mwenyewe alianza pale klabuni kwa kufua taulo. Mume alipoanza kuugua, alikaa kwenye stuli akielekeza kwa kidole, mke akavuta. Mume alipofariki, raketi ziliendelea kuletwa, na hakuna aliyeuliza ni mikono ya nani. Kila alipovuta uzi wa kwanza alisema, "Mungu, simama hapa." Alipofunga fundo la mwisho alisema, "Asante, umesimama." Katikati aliimba kwa pua.

Binti yake wa pekee alikulia chini ya ngazi hizo. Alitambaa juu ya vipande vya nyuzi, akatembea kwa kushika miguu ya mashine. Jina la Kombora alipewa akiwa na miaka kumi na miwili, na aliyempa ni mlinzi wa lango, mzee mmoja waliyemwita Profesa kwa sababu hakuna jambo duniani ambalo hakuwa tayari kulieleza. Siku hiyo mtoto alianzisha mpira, ukapita juu ya wavu, ukapita juu ya uzio, ukaenda kuvunja chupa ya chai ya Profesa.

"Huyu si mtoto," alisema Profesa, chai ikimchirizika viatuni. "Huyu ni kombora. Na chupa mnilipe."

Kombora alipofika miaka kumi na saba, tenisi ilikuwa imekuwa ajira yake. Alipanda ndege na kocha wake, akacheza nchi za watu, akarudi na vikombe vidogo na viatu vilivyokwisha kisigino kimoja. Kuna mwaka gazeti liliandika kwamba ni wa mia moja na arobaini kati ya wanawake wote wa dunia. Mama Nyuzi hakujua afurahi kiasi gani. Profesa akamweleza: "Hesabu wanawake wote unaowajua. Ongeza wote usiowajua. Sasa toa mia na thelathini na tisa." Hapo akalia.

Lakini mwili nao una mambo yake. Akiwa na miaka kumi na tisa, kifundo cha mguu kiligeuka akiwa anakimbilia mpira ambao hata hivyo ungetoka nje. Miezi mitano. Mama alibeba maji ya moto na maji ya baridi, akamtegemeza kwenda bafuni. Alirudi uwanjani. Akiwa na ishirini na miwili, kifundo cha mkono. Miezi minane, akala kwa mkono wa kushoto, akajifunza hata kusaini kwa huo. Akarudi tena. Magazeti yaliandika kwamba amefufuka, na Mama Nyuzi akamwendea mwandishi mmoja langoni. "Mwanangu, neno hilo msilitumie ovyo," akamwambia kwa upole. "Huyu aliumwa, akapona. Kufufua kuna mwenyewe."

Mara ya tatu lilikuwa bega. Alikuwa na miaka ishirini na sita, katikati ya mechi, mkono wa kulia ukiwa juu kabisa. Madaktari walilipasua na kulishona kano.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wamesema wahenga, lakini hawakusema mzazi afanye nini akishaujua. Kombora hakuweza kuinua mkono hata kufikia nywele zake mwenyewe. Kila Jumamosi alikaa chini, katikati ya miguu ya mama yake, naye akamchana na kumsuka. Tangu utotoni kichwa chake kilikuwa kichungu, kikivutwa kidogo tu kinauma. "Polepole, mama," alisema, na mama akafanya polepole, mistari ikatoka milegevu, ikafumuka kabla ya Jumatano. Hakuna aliyelalamika.

Siku ya mwisho ya kliniki daktari alimvuta Mama Nyuzi pembeni. "Bega hili limeshonwa kama nguo. Nguo iliyoshonwa inavalika, lakini huwezi kuivuta kama mpya. Sasa wewe mwangalie asilazimishe."

"Nimwangalie vipi, daktari? Ni mtu mzima huyo."

"Si wewe ni mama yake?"

"Ndiyo sababu nauliza."

Daktari akacheka, akaita mgonjwa mwingine.

Mwezi wa tisa baada ya upasuaji, Kombora aliinama akaingia chumbani na raketi mkononi. Akaiweka juu ya mashine.

"Mama, kilo zangu zilezile."

"Ishirini na tano?"

"Kwani nina nyingine?"

"Nilikuwa nasema tuanze na ishirini na mbili. Bega lizoee kidogo kidogo, halafu..."

"Mama!" Alisema kwa kucheka, ila macho hayakucheka. "Wewe ndiye utaanza kunionea huruma? Wenzangu wakinisubiri kule ng'ambo ya wavu, watanipunguzia? Siku nikijihurumia, mimi basi, nitafute kazi ya benki. Ishirini na tano, mama. Nakuomba."

"Haya, mwanangu."

Sasa, asubuhi ya siku hiyohiyo Mama Nyuzi alikuwa amesimama dirishani mwa nyumba yao, akamwona binti yake anaanika shuka. Alianika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliubana ubavuni, na shuka lilipotaka kuanguka, alilidaka kwa meno. Picha hiyo haikumtoka. Alipokaa kwenye mashine, mkono wake ulikwenda kwenye kipimo, ukakisogeza mpaka ishirini na nne. Hakuwa amepanga. Kilo moja ni kitu gani? Akasuka, akafunga, akasema, "Asante, umesimama." Kisha akachukua kikaratasi, akaandika 25.

Wiki iliyofuata alipunguza nusu kilo. Na iliyofuata. Kombora hakutambua, kwa kuwa miezi tisa bila raketi mkono unasahau, na kwa kuwa kilichopungua kilipungua kama mwezi wa mfungo unavyokonda, usiku kwa usiku. Wachezaji wana desturi ya kuipiga raketi kwa kiganja na kuisikiliza, uzi uliokaza una mlio mwembamba. Hilo nalo Mama Nyuzi alilijua. Alichopeka katikati ya nyuzi kile kimpira kidogo cha kuzuia mtetemo, kinachofanya raketi zote zitoe sauti moja ya kizibo.

"Hiki cha nini?" Kombora aliuliza.

"Cha kupunguza mtikisiko. Daktari angependa."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wenyewe ndio ulimuuma zaidi.

Walifika ishirini na moja. Hapo Mama Nyuzi akasimama, akaogopa kwenda chini zaidi.

Na Kombora akaanza kupona. Au tuseme, mpira ulianza kwenda. Aliugusa tu, ukaruka. Siku moja alikuja mbio mpaka chini ya ngazi, akagonga kichwa, hakujali. "Mama, bega limerudi! Sisukumi, mama, naambia tu mkono twende, unakwenda!" Akashinda mashindano ya klabu. Akashinda ya taifa, fainali, seti mbili kwa moja, dhidi ya msichana mdogo kwake kwa miaka minane. Kocha, mtu mkavu aliyekuwa naye tangu akiwa na miaka kumi na mitano, ambaye sifa zake zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, alisema mbele za watu, "Sijawahi kumwona akipiga kwa wepesi hivi."

Mama Nyuzi alipiga makofi pamoja na wengine. Jioni alipiga magoti. "Mungu, nimesema uongo wa kilo nne," alisema. Kisha akajitetea: mama akimpulizia mtoto chai, humwambia nimeipuliza?

Siku chache baadaye kocha alipata nafasi. Mashindano makubwa ng'ambo, mechi za mchujo. Anayeshinda tatu anaingia kwenye mashindano yenyewe. Kombora alikuwa amefikisha miaka ishirini na saba, na alijua, kama alivyojua kila mtu pale klabuni, kwamba barua ya namna hiyo haitakuja tena.

Na Mama Nyuzi alijua jambo jingine. Kule kwenye mashindano makubwa kuna mafundi wa mashindano. Mchezaji anawapelekea raketi, fundi anasoma kikaratasi, anasuka kama kilivyoandikwa. Hamjui mchezaji, hana bega lake machoni. Anasoma namba tu.

Mara ya kwanza alijaribu kusema wakiwa chumbani, lakini kocha naye akaingia, akakaa kwenye stuli ya pili, akaanza habari za viza. Mara ya pili ilikuwa nyumbani, asubuhi ya safari, sanduku liko wazi kitandani.

"Mwanangu, zile kilo..."

"Mama, usiguse!" Kombora alidakia, soksi mkononi. "Usiongeze, usipunguze. Sijawahi kuisikia raketi mkononi mwangu kama miezi hii." Akaitupa soksi, akamkumbatia. Alimkumbatia kwa mikono yote miwili. Mkono wa kulia ulipanda, ukapita juu ya bega la mama, ukazunguka shingo. Tangu wapasue, ulikuwa haujamkumbatia hivyo. Mama Nyuzi akafumba macho, na maneno yote aliyoyapanga tangu alfajiri yakayeyuka kama chumvi.

Kombora alipokwenda kuoga, mama alizitoa raketi nne sandukuni. Alichukua kikaratasi kipya, akaandika 21, akakibandika kwenye ya kwanza. Akakitazama. Akamwona mwanawe, kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha nchi ya watu, dakika tano kabla ya kuingia uwanjani, anakisoma. Akakibandua. Maji ya bafuni yalipozimwa, alikuwa amekikunja mpaka kimekuwa kidogo kama punje, na raketi zote nne zimerudi sandukuni na namba zao za uongo. Raketi nne, alijiambia. Nyuzi mpya. Zitatosha, kwa rehema za Mungu.

Mechi ya kwanza waliitazama kwenye simu ya Profesa, ndani ya kibanda cha lango, wakiwa wameiegemeza kwenye chupa ya chai (ile mpya, aliyonunuliwa miaka hiyo, na ambayo hakuacha kuisimulia). Kombora alishinda. Profesa akafungua lango na kulifunga mara tatu bila gari lolote kuja.

Mechi ya pili alishinda pia, kwa shida, seti tatu. Msichana aliyecheza naye alikuwa na tabia ya kulalamikia kila mpira kwamba umetoka nje, mpaka mwamuzi akachoka naye.

"Unaona?" alisema Profesa. "Njia ya mwongo fupi."

Mama Nyuzi alijifanya anakuna jicho.

Siku ya mechi ya tatu, asubuhi, yuko chumbani anakata uzi, simu yake ikalia. Alikuwa Kombora, na sauti yake ilikuwa kama ya mtoto aliyefunga shule.

"Shikamoo mama! Umeona jana?"

"Marahaba mwanangu. Nimeona. Bega je?"

"Bega zima. Sikiliza nikuchekeshe. Nyuzi zimekatika kwenye raketi mbili, na zile nyingine zimechoka, basi jana nilizipeleka zote nne kwa fundi wa hapa. Nikamwambia fuata vikaratasi vya mama yangu. Unajua alisemaje? Alisema mwandiko wako ni mzuri, anatamani wote wangeandika hivyo. Amezirudisha leo, zimekaza safi."

Mkasi ulikuwa bado mkononi mwa Mama Nyuzi. "Mwanangu, subiri. Nisikilize. Hizo raketi..."

"Mama, kocha ananiita, basi linaondoka. Niombee!"

Simu ikakatika. Akapiga. Ikaita, haikupokelewa. Akapiga ya kocha, imezimwa. Akaendelea kupiga ya binti, mpaka nayo ikazimwa, kwa kuwa kule wakifika uwanjani simu zinafungiwa kabatini. Alitoka chini ya ngazi bila kuinama, akajigonga, akaenda mpaka langoni akiwa ameshika paji la uso.

"Profesa, nisaidie kutuma ujumbe."

"Niandike nini?"

"Andika: Zisizidi kilo ishirini na moja. Usicheze na hizo. Mama."

Profesa aliandika kwa kidole kimoja, akatuma, akaitazama simu. "Alama moja. Maana yake umeondoka kwetu, haujafika kwake."

"Utafika saa ngapi?"

"Akiwasha simu." Akamtazama. "Mama Nyuzi. Ishirini na moja ya nini? Si hucheza ishirini na tano yule?"

Akamweleza yote, wamesimama, gari mbili zikipiga honi nje. Kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, Profesa hakuwa na maelezo. Alifungua lango, gari zikapita, akalifunga, akavuta stuli, akampa yeye akae.

Mechi ilianza saa sita. Mama Nyuzi hakuhitaji kutazama. Spika ya simu ilikuwa ndogo kama kifungo, lakini ilitosha: ta! ta! ta! Mlio mwembamba, mkavu. Fundi wa kule alikuwa ametoa vimpira, hakuvirudisha. Alikuwa amesuka kwa uaminifu, kilo ishirini na tano kamili, kama alivyoandikiwa.

Mpira wa kwanza wa Kombora ulikwenda kwenye wavu. Wa pili pia. Akatazama nyuzi, akazibonyeza kwa vidole, akaenda kubadilisha raketi. Ya pili ilikuwa vilevile. Ya tatu vilevile. Mama Nyuzi aliona kwenye kioo kile kidogo jinsi uso wa mwanawe ulivyobadilika, akajua anachokiwaza. Hakuwaza nyuzi, kwa kuwa nyuzi zilikuwa kilo zake zilezile, mama kaandika. Aliwaza mkono. Aliwaza, leo nimezembea, niongeze nguvu.

Akaongeza.

"Usiongeze," alisema Mama Nyuzi. "Mwanangu, usiongeze. Jamani, kocha, mwite!"

"Hakusikii huyo," alisema Profesa taratibu.

"Najua."

"Basi mwombee."

"Naomba, Profesa! Unadhani nafanya nini?"

Seti ya kwanza ikaenda. Kwenye ya pili Kombora alianza kuusogelea mpira kwa mwili mzima, akitupa kiuno na mgongo mahali ambapo bega lilishindwa, na kwa gemu mbili ikasaidia, watu wakampigia makofi. Mama Nyuzi aliuma ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Kisha Kombora akaurusha mpira juu, akaukunjua mkono, na raketi ikamtoka. Haikutupwa. Iliachiliwa tu, ikaanguka nyuma yake. Akainama, mkono wa kushoto umelishika bega la kulia.

Hapo mtandao ukakwama. Picha ikasimama vivyo hivyo, binti ameinama, kiduara kinazunguka juu ya kichwa chake. Profesa aliitikisa simu, akaiinua juu, akatoka nayo nje ya kibanda, akarudi. Kiduara kilizunguka. Mama Nyuzi alinyoosha kidole, akakiweka juu ya kioo, pale penye bega.

Jioni zile alama kwenye ujumbe zikawa mbili, zikabadilika rangi. Umesomwa. Jibu halikuja.

Kombora alirudi baada ya siku kumi, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Daktari wa kule na daktari wa hapa walisema maneno mamoja: kano zimechanika palepale, pameshonwa mara moja, pakishonwa mara ya pili ataweza kubeba kikapu na kulea mtoto, ila tenisi ya kazi, hapana.

"Usimwambie," Profesa alishauri. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki. Lakini aliyeyamwaga yupo." Kisha akasema, "Na ujumbe ameusoma."

Hakuhitaji kumtafuta. Siku ya tatu Kombora aliinama, akaingia chumbani, akakaa kwenye stuli ya kocha.

"Zisizidi ishirini na moja," alisema. "Nilisoma nikiwa hospitali, barafu begani. Nilidhani umekosea kuandika. Halafu nikakumbuka wewe huwa hukosei kuandika. Nieleze, mama."

Akamweleza. Hakujitetea, habari ya kupuliza chai aliiacha.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza uliporudi."

"Zote?"

"Zote."

Kombora alitazama raketi za watu ukutani, kila moja na kikaratasi chake. "Na zile nilizoshinda? Ya taifa?"

"Ulishinda wewe, mwanangu. Nyuzi hazikimbii."

"Na bega nililokuja kukuambia limerudi? Nilipokuja hapa mbio, nikajigonga kichwa? Ulikuwa umekaa hapohapo. Ukaniambia Mungu mkubwa."

Mama Nyuzi alikuwa amesema hivyo kweli.

"Ungeniambia."

"Ungekubali kucheza na ishirini na moja?"

Kombora alifikiri. Alifikiri kwa haki, kama alivyofikiria kila kitu. "Hapana," akasema. "Ningekataa. Lakini ningekuwa nimekataa mimi."

Akaondoka. Alikumbuka kuinama.

Hawakugombana, na labda wangegombana ingekuwa nafuu. Nyumbani walisalimiana, walipishana mlangoni, aliyetangulia kuamka alichemsha maji ya wote wawili. Kombora aliitwa na klabu afundishe watoto kwa kusimama na kusema tu, akajibu atafikiri. Chini ya ngazi Mama Nyuzi aliendelea kuvuta nyuzi za watu wengine. Kila akiandika namba alirudi kutazama kipimo, akatazama namba, akatazama tena kipimo. Sala yake ya uzi wa kwanza aliisema kimoyomoyo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyowahi kuvunja kitu.

Jumamosi sita zilipita. Kombora alifunga kitambaa kichwani ndani na nje, na mama alijua chini ya kile kitambaa pakoje, kwa kuwa mkono mmoja hausuki. Hakuthubutu kusema njoo.

Jumamosi ya saba, mchana, Mama Nyuzi amekaa kwenye kiti cha sebuleni anapanga nguo, Kombora alitoka chumbani kwake na kitana. Akakaa chini, akaegemea kiti, katikati ya miguu ya mama yake, akavua kitambaa. Nywele zilikuwa zimefungana kama manyoya ya mto wa zamani.

Mama alizifumua kwa vidole kwanza, kisha kwa kitana, kuanzia kwenye ncha. Ilichukua muda. Akagawa njia ya kwanza, akaanza kusuka kama alivyozoea, kwa mkono wa kubembeleza.

"Huo ni mlegevu," Kombora alisema.

"Kichwa chako..."

"Nakijua kichwa changu. Fumua, mama. Kaza."

"Itakuuma."

"Itaniuma mimi. Kaza. Nikisema basi, ndipo uache."

Mama Nyuzi akaufumua ule msuko. Akashika upya, karibu na ngozi, akavuta kama anavyovuta uzi wa kwanza, mpaka akaona ngozi ya paji la uso wa mwanawe inapanda na nyusi kupanda nayo. Mabega yakashtuka, la kushoto juu, la kulia nusu. Akasimamisha mikono, akalisubiri lile neno.

Halikuja. Akavuta tena, akaendelea kulisubiri, mstari kwa mstari, mpaka kichwa chote kikaisha.